Radiatere ya ukutani inazima-zima katika nyumba ya vitoto vya kuku: nani anaizima?

Tangu kiangazi kianze na usiku wa milimani uwe baridi, swali moja linarudi karibu kila tunapotembelea koperative zinazofuga kuku: «Radiatere yetu inawaka vizuri, kisha inazima yenyewe. Inawaka tena, inazima tena. Njo tufanye nini?» Nyingi kati ya radiatere hizo ni za okazyoni. Zimetoka Bulaya, zimekwisha kutumika miaka kumi na tano au ishirini katika nyumba za watu, zikauzwa sokoni kwetu kwa bei nzuri. Kule ambako umeme wa maji umefika, kama upande wa Rutshuru na Lubero, koperative imefurahi kuacha makala, imepachika radiatere ukutani na kuleta vitoto mia mbili vya siku moja. Usiku wa tatu asubuhi wanakuta ishirini wamelundikana kwenye kona, wamekufa.

Sisi ma-agronome hatuko mafundi wa umeme, na kazi ya ndani ya waya tunaiachia fundi. Lakini tumeona kwamba fundi mwenyewe mara nyingi anaitwa mbele ya watu kuangalia jambo moja ambalo kila memba anaweza kuangalia: radiatere haizimi bure. Kuna kitu kinachoizima, na vitu hivyo viko vinne tu. Viwili viko ndani yake: termostati, na kile mafundi wanachoita limitere, yaani kinga ya joto kali. Viwili viko nje: disjontere ya nyumba (au kompteri ya kulipia mbele, kashpawa), na umeme wenyewe unaofika ukiwa dhaifu au kupitia waya mbovu. Kila kimoja kinaacha alama yake. Ukijua nani amezima, umekwisha kupata nusu ya dawa.

Kwa hiyo siku radiatere inapozima, usiigonge, usiifungue. Simama mbele yake na uangalie. Kwanza, je, taa za nyumba zimezima pamoja nayo? Kama ndiyo, acha radiatere, nenda kwenye disjontere. Kama taa zinawaka, geuza kifungo cha joto polepole kukipeleka mpaka mwisho. Ukisikia «ta!» ndogo, kisha joto likarudi, ni termostati ndiyo iliyozima, na pengine haina ugonjwa wowote. Kama hakuna sauti, na mfuniko wa juu uko moto sana hata mkono hauwezi kukaa, subiri dakika kumi mpaka ishirini bila kugusa kitu. Ikiwaka yenyewe baada ya kupoa, ni limitere. Hapo usiendelee kuitumia mpaka ujue sababu.

Tuanze na termostati, kwa sababu ndiyo inayosumbua watu wengi na ndiyo isiyo na kosa.

Radiatere ya ukutani ilitengenezwa kwa ajili ya chumba cha mtu. Mtu katika nyumba ya Bulaya anataka digri 19 au 20. Mtengenezaji akaweka kifungo ambacho hata ukikipeleka mpaka mwisho, kwa aina nyingi hakipiti digri 28 au 30. Lakini kitoto cha kuku cha juma la kwanza kinataka digri 32 mpaka 35 pale chini kinapolala, kisha tunapunguza kama digri 3 kila juma. Unaona? Mnaiomba radiatere kitu ambacho haikufundishwa. Inafika kwenye mpaka wake, inazima, na vitoto bado vinasikia baridi. Fundi anaweza kuja mara tano, atabadilisha termostati, na itazima tena palepale.

Kuna tena jambo la mahali. Katika radiatere nyingi za zamani, termostati iko sehemu ya chini, inapima hewa inayoingia. Tumekuta koperative zinazozungushia vitoto duara ya kartoni na kuisukuma mpaka chini ya radiatere, au kutundika taa nyekundu ya joto nusu metre kando yake. Termostati inapata joto la taa, inafikiri chumba kizima kimeshiba, inazima. Kona ya mbali inabaki baridi kama nje. Dawa hapa haina gharama: peleka taa na duara upande mwingine wa chumba, radiatere ibaki na hewa yake. Na termometre ya chumba isitundikwe kwenye urefu wa macho ya mtu. Ishushe mpaka urefu wa mgongo wa kitoto, kwa sababu hewa ya moto inapanda. Juu kwenye manjanja inaweza kuwa digri 30 na chini kwenye matandiko 22.

Angalieni pia kile kifungo cha pili chenye picha ndogo. Jua ni joto kamili. Mwezi ni joto la kupunguza, kwa ajili ya usiku wa watu waliolala chini ya blanketi. Ile alama ya barafu, kama nyota yenye matawi, ni ya kuzuia tu maji yasigande katika nyumba isiyo na watu: inaacha chumba kishuke mpaka digri 7 hivi. Mtoto akipita akageuza kifungo hicho, mtasema radiatere imekufa. Funga kifungo kwenye jua kwa kipande cha skochi, basi.

Na sasa kuna ugonjwa mmoja wa radiatere zilizotoka Ufaransa ambao tumeukuta mara nyingi kiasi cha kutushangaza. Nyingi zina waya tatu: kahawia, bluu na nyeusi. Fundi aliyezoea kwamba waya tatu maana yake ni umeme, kurudi na ardhi, anaona nyeusi na anaitafutia kazi: wengine wanaiunganisha na kahawia, wengine wanaipeleka ardhini. Hiyo nyeusi si waya wa kulisha. Kule ilikotoka ilikuwa inapokea amri kutoka kwa kifaa kingine cha nyumba, kinachoiambia radiatere «punguza» au «zima». Ukiiunganisha na kahawia, umeipa radiatere amri ya kupunguza usiku na mchana: inazima digri tatu au nne mbele ya kiwango mlichoweka, na hakuna anayejua kwa nini. Waya nyeusi ya namna hiyo sherti ikatwe ncha safi, ifungwe peke yake katika domino au kofia ya plastiki, isiguse kitu chochote, wala ardhi, kwa sababu umeme unaweza kurudi ndani yake kutoka kwenye radiatere. Mwonyesheni fundi maneno haya. Kazi ya dakika kumi.

Limitere ni habari nyingine kabisa. Ni kidude kidogo cha duara, ndani yake kuna kipande cha chuma cha tabaka mbili zisizotanuka sawa. Joto likipita kipimo, chuma kinapinda, kinakata umeme. Kikipoa, kinanyooka na kurudisha. Aina nyingine hairudishi yenyewe, ina kibonyezo kidogo chekundu ndani. Kazi yake ni moja: kuzuia radiatere isiwashe nyumba. Kwa hiyo ikikata, inawaambia kwamba hewa haipiti.

Kwa nini hewa haipiti? Katika nyumba ya vitoto jibu karibu siku zote ni vumbi. Nyumba ya watu ina vumbi kidogo. Nyumba ya kuku ina vumbi la makapi ya mbao, la chakula, la mavi makavu, na zile nywele laini zinazotoka kwa vitoto wanapoanza kuota manyoya. Radiatere inavuta hewa chini na kuitoa juu, kwa hiyo inavuta yote hayo. Baada ya majuma mawili unaweza kukuta blanketi ya kijivu juu ya kile chuma kinachochemka. Mkisikia harufu ya manyoya yaliyoungua asubuhi, ni hiyo.

Kusafisha ni kazi ya memba mwenyewe, lakini kwa utaratibu. Zima disjontere ya mstari ule. Kuzima kifungo cha radiatere hakutoshi. Toa fishi kama iko. Weka mtu mmoja karibu na disjontere ili mwingine asije akaiwasha. Subiri saa moja ipoe. Kisha, bila kufungua waya, pitisha pinso kavu ndefu katika matundu ya chini na ya juu, na upulize kwa pompi ya baiskeli kutoka juu kwenda chini. Maji hapana, petroli hapana, kitambaa chenye maji hapana. Fanya hivyo vitoto wakiwa wametolewa, kwa sababu vumbi hilo ni baya kwa mapafu yao na kwa yenu, funga pua. Wakati wa kuwasha tena, iache iwake nusu saa chumba kikiwa kitupu na mlango wazi, masalio yaungue. Kisha kila juma, si kila mwaka.

Sababu nyingine za hewa kukosa njia zinaonekana kwa macho. Gunia lililoanikwa juu yake. Matandiko yaliyorundikana mpaka yakafunga matundu ya chini. Tunataka angalau sentimetre 15 wazi chini yake, na katika nyumba ya kuku zaidi, kwa sababu matandiko yanapanda kila juma. Ubao uliopigiliwa juu yake ili kuweka chakula. Yote haya ondoa. Kama imesafishwa, iko wazi pande zote, chumba si cha moto, na bado inakata kila dakika tano, basi limitere yenyewe imezeeka na fundi aweke nyingine yenye namba ileile ya digri iliyoandikwa juu yake. Bei yake ni ndogo.

Hapa tunasimama kidogo. Katika koperative moja ya milimani tuliambiwa kwa furaha kwamba tatizo limekwisha. «Sasa haizimi tena, iko inafanya kazi usiku muzima.» Tulipoomba fundi afungue mbele yetu, limitere ilikuwa imerukwa kwa kipande cha waya. Nyumba ilikuwa ya mbao. Ubao ulio nyuma ya radiatere ulikuwa umegeuka rangi, kahawia kuelekea nyeusi, kwa upana wa sahani. Hakuna aliyekuwa amesikia harufu, kwa sababu nyumba ya kuku ina harufu zake. Mlinzi alikuwa analala upande wa pili wa ukuta ule. Radiatere iliyorukwa limitere haijapona. Kama mnayo ya namna hiyo leo, izimeni leo, mbele ya kumaliza kusoma ukurasa huu, na kama hakuna limitere ya kununua, iuzeni kwa uzito wa chuma.

Tuje kwa yale ya nje. Kama disjontere inaruka, hesabu kwanza. Radiatere ya wati 2000 inakula karibu ampere 9 kwenye volti 220. Ongeza taa mbili za joto za wati 250, bulu za nyumba, na jirani wa ofisi anayechemsha chai: disjontere ya ampere 10 haitakubali, na ina haki. Kashpawa nazo zina kiwango chake cha nguvu, ukikipita inakata. Msiweke disjontere kubwa kwenye waya uleule mwembamba. Hapo mmehamisha moto kutoka kwenye disjontere kwenda ndani ya ukuta. Gawanyeni mizigo, au mtumie radiatere kwenye nusu ya nguvu kama ina kifungo cha hatua mbili. Disjontere ile yenye kibonyezo cha kupimia, inayolinda watu, ikiruka hata radiatere ikiwa peke yake, maana yake umeme unavuja mahali, mara nyingi kwa unyevu uliokusanyika katika radiatere iliyokaa bila kazi msimu wote wa mvua. Hilo ni la fundi moja kwa moja, na msiguse chuma chake mkiwa peku juu ya sakafu yenye maji.

Baada ya nusu saa ya kuwaka, gusa fishi na prizi kwa mgongo wa kidole. Vuguvugu si kitu. Ikiwa moto hata unaondoa kidole, au plastiki imekuwa ya njano, mgonjwa ni prizi, wala si radiatere: mguso umelegea, unachemka, unakata na kurudi. Vilevile ralonji iliyobaki imezungushwa kama kamba ya mbuzi, ikunjue yote. Na viungio vya waya vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa skochi, tunavikuta kila mahali. Kwa mzigo wa bulu vinavumilia. Kwa radiatere havivumilii.

Mwisho wa mambo ya nje ni umeme dhaifu, na huo unadanganya sana. Saa moja jioni watu wote wanapika na kuwasha, volti inashuka. Nguvu ya radiatere haishuki kidogo kidogo pamoja na volti, inashuka haraka zaidi: ile ya wati 1500 kwenye volti 220, ukiipa volti 180, inatoa kama wati 1000 tu. Theluthi moja imepotea na hakuna kilichoharibika. Watu wanasema «imezima» kwa sababu iko vuguvugu. Waya mrefu unaongeza hasara: metre 60 za waya wa shaba wa 1,5 mm², kwa mzigo wa wati 2000, zinakula zaidi ya volti 12 njiani, na ule waya wa bei rahisi usio shaba kamili unakula zaidi. Kama mtavuta mstari mpya kutoka ofisi mpaka nyumba ya kuku, nunueni 2,5 mm² au zaidi. Fundi mwenye multimetre apime volti kwenye prizi radiatere ikiwa inawaka, kwa sababu kipimo cha radiatere iliyozimwa hakisemi kitu. Akitaka kujua kama kile chuma cha ndani bado kizima, azime umeme wote, apime upinzani: yenye wati 1000 itaonyesha karibu omu 48, ya 1500 karibu 32, ya 2000 karibu 24. Ikiwa tofauti ni kubwa, au haionyeshi kitu, chuma kimekatika.

Baada ya yote haya tuseme tunachofikiri. Radiatere ya ukutani peke yake si chombo cha kulea vitoto vya kuku. Inafaa kwa kazi ya pili: kushikilia hewa ya chumba kwenye digri 24 au 26 ili vitoto wanaotoka chini ya taa kwenda kunywa wasipigwe na baridi. Joto la kulalia litoke karibu nao, kwa taa ya joto ya wati 250 iliyotundikwa kwa mnyororo, si kwa waya wake mwenyewe, ndani ya duara ya kartoni isiyo karibu na taa. Taa moja ya namna hiyo inatumia umeme mdogo mara nane kuliko radiatere ya wati 2000. Kisha shusheni dari: bashi au mikeka iliyotandazwa metre mbili juu ya sakafu, mbali na taa na radiatere, na tundu la hewa kuachwa pembeni. Katika nyumba yenye manjanja matupu mnapasha moto mawingu ya Lubero.

Na vitoto wenyewe ni kipimo kuliko kifungo chochote. Wakilundikana na kulia kwa sauti ya juu, ni baridi. Wakikimbilia kwenye kartoni na kufungua midomo, ni joto kali. Wakisambaa, wengine wanakula, wengine wamelala wamenyoosha miguu, kila kitu kiko sawa, hata kama radiatere imezima. Mara ngapi tumeitwa juu ya radiatere «mbovu», tukakuta vitoto wamelala vizuri!

Umeme ukikatika usiku, mbabula ya akiba inaruhusiwa kwa masharti. Iwashwe nje mpaka makala yawe mekundu bila moshi, iingizwe ikiwa imezungushiwa matofali, na tundu la juu libaki wazi kwa upana wa viganja viwili. Hewa ya makala haina harufu na inaua vitoto na mlinzi katika chumba kilichofungwa. Mtu asilale ndani.

Kwa muda wa majuma mawili, mlinzi wa usiku aandike katika daftari saa radiatere ilipozima, saa iliporudi, kama taa za nyumba zilizima pia, digri za chini kwenye matandiko, na vitoto walikuwa wamekaaje. Tutakapopita mwezi ujao tutaanza na daftari hilo, na fundi aliyekubali kuja nasi ameomba vilevile.